Kompyuta ya kaunta inagoma kila asubuhi: nipandishe Windows au niiache?

Ndugu washauri,

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda. Nauza saruji, mabati, misumari na rangi. Tuna kompyuta mbili za mezani. Ya kaunta niliinunua ikiwa imetumika. Mtoto wa dada yangu aliikagua akasema ni Core i5-4570, ina RAM ya GB 8 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Ya ofisini ni mpya zaidi, i5-8500, na ina SSD, yaani diski isiyozunguka. Kijana huyo aliandika winver kwenye zote mbili, zikaonyesha Windows 10 toleo 22H2. Zote zina programu ile ile ya mauzo, inayotengeneza ankara na kuituma EFRIS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato. Printa ndogo ya risiti imechomekwa kwenye ya kaunta, na ya ofisini huitumia kupitia mtandao wetu wa ndani.

Taabu ya kwanza ni ya asubuhi. Nikifungua duka, hasa kama umeme ulikatika usiku, kompyuta ya kaunta inakataa kutuma ankara. Inaandika kwamba imeshindwa kuunganisha na seva. Nazima ruta, nawasha tena, wapi! Lakini simu yangu kwenye ruta hiyo hiyo inafungua kila kitu, na kompyuta ya ofisini inatuma vizuri. Kijana akifika huingia kwenye mipangilio, akabofya hapa na pale, baadaye inakubali. Siku moja risiti ilitoka na tarehe ya mwaka 2013, mteja akairudisha.

Taabu ya pili ni ya mchana. Wateja wakiwa wengi, kompyuta hiyo hiyo huganda dakika moja au mbili. Mshale unasogea lakini programu haiitikii, na taa ndogo ya diski inawaka bila kupepesa. Kisha inaendelea kama kwamba hakukuwa na kitu.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia Windows 10 imekwisha muda wake na ndiyo sababu ya yote haya. Anataka shilingi 250,000 aweke Windows 11, na anasema anayo njia ya kuipitisha hata kama mashine inakataa. Waliotuuzia programu nao walinijibu, "Pandisha Windows kwanza, kisha utupigie." Mume wangu anasema kitu kinachofanya kazi hakiguswi. Nimsikilize nani? Na nikipandisha, hesabu za duka zitapotea?

Mama Vifaa, Busia

* * *

Mama Vifaa,

Usimpe fundi hizo 250,000 kwa sasa. Ushahidi mkubwa umeutoa wewe mwenyewe, nao ni kompyuta ya ofisini. Ina Windows ile ile, toleo lile lile la 22H2, programu ile ile, inatumia ruta ile ile, na asubuhi inatuma ankara bila shida. Kama uzee wa Windows 10 ndio ungekuwa ugonjwa, mashine zote mbili zingeugua. Kwa hiyo chanzo tukitafute kwanza katika yale ambayo mashine hizi hazifanani: umri, ubao mkuu wa ndani, diski, na jinsi kila moja inavyopata umeme.

Mtu yeyote akikuambia upandishe mfumo ili kuondoa hitilafu, mwulize swali moja: toleo jipya linabadilisha nini hasa kinachohusu hitilafu hii? Akikitaja kwa jina, mpe sikio. Akikujibu kwamba "la zamani lina matatizo", anabahatisha, na anabahatisha kwa jaribio kubwa kuliko yote. Kupandisha toleo hubadilisha kiini cha mfumo, draiva, mipangilio ya usalama na njia ya kuchapisha, vyote kwa mkupuo mmoja. Hitilafu ikiondoka hutajua kilichoiondoa. Ikija nyingine, hutajua ilipotokea. Ndiyo maana tunaanza na majaribio ya bei ndogo ambayo unaweza kuyarudisha nyuma, na tunabadilisha kitu kimoja kwa wakati.

Tuanze na asubuhi. Ile risiti ya 2013 ndiyo inayosema kweli. Saa ya kompyuta ikiwa imezimwa hulindwa na betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032, ya volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, umeme kidogo wa ukutani huisaidia betri hiyo kuilinda saa. Umeme ukikatika, au ukizima soketi jioni kabla ya kufunga duka, betri inabaki peke yake. Kama imekufa, saa inarudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani, ambayo kwa mashine ya umri huo inaweza kabisa kuwa 2013. Hii inaeleza kwa nini taabu inafuata usiku wa giza.

Lakini saa inahusianaje na kutuma ankara? Ankara husafiri kwa njia iliyofungwa kwa siri. Kabla ya kuzungumza, seva huionyesha kompyuta yako cheti, na cheti hicho kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Septemba 2020 umri wa cheti kipya cha tovuti kinachokubaliwa na vivinjari vikubwa uliwekewa kikomo cha siku 398, kwa hiyo kompyuta inayoamini kwamba tuko 2013 itaona kila cheti cha leo kama kitu ambacho bado hakijaanza kutumika, na itakataa. Programu yako haielezi hayo yote. Inakuambia tu kwamba imeshindwa kuunganisha. Simu inapita kwa sababu ina saa yake.

Utauliza mbona intaneti haiirekebishi saa. Huduma ya saa ya Windows, kwa mpangilio wa kawaida wa kompyuta inayojitegemea, haijirekebishi yenyewe kwa tofauti inayozidi sekunde 54,000, yaani saa 15. Tofauti ya miaka inazidi mno. Nadhani kijana wenu katika kubofya kwake hufika kwenye tarehe na kuiweka sawa, na ankara zinaanza kwenda, lakini kwa kuwa anagusa mambo mengi kwa pamoja, hakuna aliyeona ni lipi lililoponya.

Jaribio halina gharama. Jioni moja zima kompyuta ya kaunta na uchomoe waya wake ukutani. Asubuhi iwashe, na kabla hujafungua programu tazama tarehe pembeni mwa skrini, uiandike kwenye daftari. Fungua kivinjari, nenda kwenye tovuti yoyote inayoanza na https. Chrome au Edge ikionyesha NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, umeshaikamata. Sasa rekebisha tarehe na saa kwa mkono, usiguse kitu kingine chochote, kisha tuma ankara. Ikienda, kesi ya asubuhi imekwisha, na Windows 11 haikuwa na la kufanya hapo, kwa sababu haibadilishi betri.

Hapo hapo angalia na majira ya saa ya nchi yaliyochaguliwa: kwa Uganda ni (UTC+03:00) Nairobi. Saa ikipotea kwa idadi kamili ya saa, mathalani iko mbele au nyuma kwa saa tatu nzima, na tarehe ni sahihi, hiyo si betri, ni majira yamewekwa vibaya.

Kubadilisha betri ni kazi fupi, ila ina mtego mmoja ambao mafundi wenye haraka huuangukia. Betri ikitolewa, mipangilio ya BIOS, ile programu ndogo ya ubao mkuu inayoiwasha mashine kabla ya Windows, huweza kurudi ya kiwandani. Kwa hiyo kabla ya kufungua kasha, ingia BIOS na upige picha kwa simu kurasa mbili: ule wa kuwaka kwa mfumo, kama ni UEFI au Legacy, na ule wa diski, kama ni AHCI, IDE au RAID. Ukikuta huko tarehe imesharudi nyuma, inawezekana mipangilio mingine nayo imesharudi, na mashine inawaka hivyo hivyo. Basi picha ni za kulinganisha tu. Lakini kama mipangilio hiyo ilikuwa imebadilishwa na mtu aliyeisakinisha Windows, na wewe huna picha, mashine baadaye itakuonyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na mtu atakuambia Windows imeharibika, uweke mpya. Haijaharibika. Rudisha AHCI au RAID kama ilivyokuwa, itawaka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, kuwa na ufunguo wake wa tarakimu 48 mkononi kabla ya kuanza.

Kisha zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kwanza ili kuondoa umeme tuli mwilini. Sukuma kibanio kidogo cha pembeni, betri itaruka juu. Weka mpya, upande wenye maandishi na alama ya + ukiwa juu. Kama fundi ana mita, betri mpya isome volti 3.0 au zaidi kidogo. Iliyo chini ya 2.8 usiiweke hata kama imetoka kwenye pakiti, maana zipo zilizokaa dukani miaka. Washa, ingia BIOS, weka tarehe na saa, linganisha na zile picha, hifadhi. Rudia lile jaribio la kuchomoa waya usiku. Saa ikipotea tena na betri ni nzima, angalia kama kibanio kina kutu, au kama kile kijiti kidogo cha kufuta BIOS kwenye ubao mkuu kimeachwa mahali pa kufutia.

Kabla hatujaondoka kwenye saa: mauzo yaliyorekodiwa kompyuta ikiwa imerudi 2013 bado yapo ndani ya programu, ila hayatatokea kwenye ripoti ya mwezi huu. Tafuta kwenye programu mauzo yenye tarehe za 2013. Usizibadilishe mwenyewe. Zichapishe, waite waliokuuzia programu wakueleze jinsi ya kuzisawazisha na ankara zilizofika EFRIS, na kama unalipa VAT, fanya hivyo mapema kabla ya tarehe 15, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu ya mwezi uliopita.

Sasa huko kuganda mchana, ambako sisi kunatutia wasiwasi zaidi kuliko saa. Taa ya diski inayowaka mfululizo huku programu haiitikii ina maana kompyuta imeomba kitu kwenye diski na bado inasubiri. Inawezekana diski imelemewa tu. Inawezekana pia inakufa, na kama inakufa, kupandisha Windows ndicho kitu kibaya kuliko vyote unavyoweza kuifanyia. Upandishaji husoma na kuandika gigabaiti nyingi kwa saa nzima au zaidi. Diski mbovu huweza kukata roho katikati, na hapo unapoteza Windows ya zamani, mpya, na hesabu za duka. Swali lako kuhusu kupoteza hesabu jibu lake liko hapa. Upandishaji wa kawaida hauzifuti, lakini upandishaji juu ya diski mgonjwa huweza kuzichukua.

Kwa hiyo nakala ya akiba ni leo, kabla ya uchunguzi wowote. Tumia sehemu ya programu yenyewe inayotengeneza nakala, si kunakili faili la hifadhidata huku programu iko wazi, kwa sababu faili linaloandikwa wakati linanakiliwa mara nyingi hufika likiwa nusu. Weka nakala kwenye flashi na nyingine kwenye kompyuta ya ofisini. Halafu ithibitishe: waombe waliokuuzia programu wakuonyeshe jinsi ya kuifungua kwenye ya ofisini pembeni, bila kufuta iliyopo, na uone kama ankara ya mwisho ya leo imo. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

Baada ya hapo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc. Fungua Windows Logs, kisha System, tafuta saa ile ile kompyuta ilipoganda. Andika saa za kuganda kwenye daftari la kaunta, siku mbili tatu zinatosha. Tukio namba 7, 51 au 153 lenye chanzo "disk" linasema diski ilishindwa kusoma au ilibidi ijaribu tena. Namba 55 yenye chanzo Ntfs inasema mpangilio wa mafaili umeharibika. Namba 41 ya Kernel-Power ni mashine kuzimika ghafla, na bila UPS (kifaa cha umeme wa akiba) hapo Busia utaiona mara nyingi. Yenyewe si ugonjwa, ila kila kuzimika kwa namna hiyo kunaiumiza diski ya kuzunguka.

Kisha weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Tazama mistari minne. 05 ni sehemu za diski zilizokwisha kuhamishwa kwa kuharibika. C5 ni zinazosubiri hukumu. C6 ni zilizoshindikana kabisa. Namba ya safu ya Raw Values ikiwa sifuri kwenye hizo tatu, diski iko salama kwa kiasi; C5 au C6 ikiwa zaidi ya sifuri, hamia diski nyingine. Mstari wa nne, C7, unahesabu makosa ya njiani kati ya diski na ubao mkuu. C7 ikipanda kila wiki huku zile tatu zimetulia, mara nyingi mbovu ni waya wa SATA. Badilisha waya wa shilingi chache badala ya diski.

Diski ikionekana mbovu, kuna jambo moja la kutofanya: usiendeshe chkdsk /r juu yake kabla ya kunakili. Amri hiyo inasoma diski yote mwanzo hadi mwisho, nayo ndiyo huimaliza. Nunua SSD ya SATA, unakili diski nzima kwa Clonezilla, programu ya bure ya kunakili diski, ubadilishane. Hapa ukubwa unadanganya watu. SSD nyingi zinauzwa zikiwa GB 480, na diski yako ni GB 500. Clonezilla kwa mpangilio wake wa kawaida inakataa kunakili kwenda kwenye diski ndogo zaidi. Nunua ya 500 au 512, mkamilishe kazi bila kupunguza kwanza kizigeu, yaani fungu la diski lenye mafaili.

Na zikiwa zote sifuri? Wakati imeganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tazama safu ya Disk. Ikiwa 100%, safu hiyo itakuonyesha nani anaila. Mara nyingi ni ukaguzi wa kinga ya virusi au sasisho linaloshuka saa za kazi, na dawa ni kuvipangia saa za usiku au za chakula. Hata hivyo, mashine ya kaunta yenye diski ya kuzunguka itakuchosha tu. SSD ndiyo fedha ya kwanza tungekushauri uitumie, kabla ya Windows yoyote.

Hatusemi kupandisha hakuponyi kamwe. Yapo maradhi ambayo dawa yake ni hiyo na si nyingine. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha zamani kilichotegemewa na vyeti vya Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya tovuti bure, kiliisha muda, na simu na seva zenye programu za zamani zikashindwa kufungua tovuti zilizokuwa nzima. Windows 7 nayo, bila sasisho la nyongeza, programu nyingi ndani yake hazikuweza kutumia TLS 1.2, njia mpya zaidi ya kufunga mawasiliano kwa siri, na seva zilipoacha njia za zamani, programu hizo zikabaki nje. Ujumbe wake unafanana kabisa na wako, "imeshindwa kuunganisha". Tofauti ni hii: hitilafu ya mfumo uliozeeka huanza siku moja na kubaki saa zote, kwenye kila mashine ya toleo hilo. Haichagui asubuhi, wala haisubiri umeme ukatike. Hitilafu ikiwa na sura hiyo, au maelezo ya toleo jipya yakiitaja waziwazi, pandisha mapema. Vilevile kama mtengenezaji wa programu amesema kwa maandishi kwamba hasaidii tena toleo lako.

Hao waliokuambia "pandisha kwanza" wanaweza kuwa na sababu. Mtengenezaji hujaribu programu yake kwenye matoleo machache tu. Basi waandikie wajibu maswali matatu. Je, ni hitilafu gani kwenye Windows 10 22H2 mnayoijua inayofanana na hii? Je, toleo la programu nililonalo limejaribiwa kwenye Windows 11, pamoja na hifadhidata yake na printa ya risiti? Na likikwama, nani anarudisha mfumo wa zamani, kwa muda gani? Swali la hifadhidata si la ziada. SQL Server, hifadhidata ya Microsoft ambayo programu nyingi za mauzo huitumia chini kwa chini, ilikuwa ikikataa kuwaka kwenye Windows 11 katika baadhi ya kompyuta zenye SSD za aina ya NVMe, kwa sababu Windows 11 ilianza kuripoti ukubwa halisi wa vipande vya diski na SQL Server haikubali vinavyozidi KB 4. Mashine ile ile, diski ile ile, kwenye Windows 10 ilikuwa inakwenda.

Mume wako naye ana nusu ya haki. Kitu kinachofanya kazi hakiguswi katikati ya kutafuta hitilafu nyingine. Hapo yuko sawa. Lakini Windows 10 ilikoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine inayotuma ankara haiwezi kukaa miaka bila viraka vya usalama. Huo ni uamuzi tofauti, wenye kalenda yake, na ufanywe mashine ikiwa nzima. Kuuchanganya na ugonjwa wa betri ndiko kulikomchanganya fundi.

Kwa kompyuta ya kaunta, uamuzi huo umeshafanywa na kichakataji (processor) chake. Kwenye i5-4570 ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari, 4, ni kizazi cha nne. Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda mbele, isipokuwa vichache, pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha kutunza funguo za usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka). "Njia ya kuipitisha" aliyonayo fundi ni kuruka ukaguzi huo. Hukataliwi kuwaka leo, lakini Microsoft inasema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho, na kupata masasisho ndiyo sababu pekee iliyokuwa imebaki ya kuhama. Unalipa ili urudi pale pale. Microsoft inauza viraka vya Windows 10 vya muda wa ziada. Mpango wa biashara ni dola 61 kwa kompyuta moja kwa mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka, miaka isiyozidi 3. Kwa mwaka mmoja inaeleweka. Ukifika wa pili, weka hizo fedha kwenye kompyuta iliyotumika ya kizazi cha 8 au zaidi, na ile SSD yako mpya unaihamishia huko. Kwa sasa mashine ya kaunta ifanye mauzo tu: barua pepe, video na flashi za wageni zikae mbali, na mhudumu aingie kwa akaunti isiyo ya msimamizi.

Ya ofisini, i5-8500, inafaa kwa Windows 11. Andika tpm.msc, ikikuambia hakuna TPM, iwashe ndani ya BIOS, kwenye Intel huitwa PTT. Ila usiipandishe wiki hii. Ndiyo mashine yako ya kulinganishia, na ndiyo inayotuma ankara asubuhi nyingine ikigoma. Subiri ya kaunta itulie wiki mbili mfululizo. Pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft, si kwenye flashi inayozunguka mjini. Tengeneza nakala ya diski nzima, na upandishe Jumamosi jioni baada ya kufunga.

Jambo la kwanza kulijaribu baadaye ni printa. Uchapishaji wa pamoja ndio huvunjika. Masasisho ya Septemba 2021, yaliyokaza ulinzi wa uchapishaji, yaliacha ofisi nyingi na kosa 0x0000011b pale kompyuta moja ilipokuwa imesasishwa na nyenzake bado. Windows 11 22H2 nayo ilibadilisha njia ambayo kompyuta huitumia kuzungumza na printa iliyo kwenye mashine nyingine. Kwako itakuwa hivyo hasa: ya ofisini mpya, ya kaunta ya zamani. Ikigoma, printa yenye tundu la waya wa mtandao ichomeke moja kwa moja kwenye ruta, na kila kompyuta iitumie kwa anwani yake bila kupitia mwenzake.

Jaribu ankara ya kweli moja, risiti moja, ripoti ya siku na nakala ya akiba. Windows 11 inakupa siku 10 za kurudi kwenye ya zamani kupitia Settings, System, Recovery, baadaye inafuta mafaili ya kurudia. Andika tarehe ya siku ya 9 kwenye daftari la kaunta. Ikifika na kuna kimoja kati ya hivyo vinne hakijakaa sawa, rudi siku hiyo hiyo, kisha utuandikie namba ya kosa kama ilivyo kwenye skrini.